Hewa ya Mirihi Haikutoroka

Neno lenyewe nililitamka mimi, tena redioni, kwa sauti yangu hii ninayoambiwa kila siku niipunguze. Nilisema hewa ya Mirihi ilitoroka. Kitabu nilichosomea kilikuwa cha Kizungu, na neno lililokuwemo, ukilitafuta kwenye kamusi unaambiwa ni "kutoroka". Nikalidaka hivyo hivyo. Laiti ningejua nani atakwenda kulitumia, ningejiuma ulimi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa hapa Bagamoyo. Shahada yangu ya pili niliandikia habari za hewa ya juu kabisa ya sayari zisizo na sumaku yao wenyewe, Mirihi na Zuhura, na jinsi chembe zenye chaji zinavyoondoka huko juu zikaishia angani zisirudi tena. Nimechoka kuulizwa faida yake. Mtu amekaa barazani tangu asubuhi anabishana juu ya mchezaji mpira ambaye hatamwona maishani mwake, halafu ananiuliza mimi Mirihi inatuhusu nini. Ala! Kila mtu na lake, na langu ndilo hilo.

Siku ile ya redio mtangazaji aliniambia, "Mwalimu, tumia Kiswahili chepesi, wasikilizaji wetu ni watu wa kawaida." Nikatumia. Nikaeleza kwamba kule juu hewa ni nyembamba mno, na mwanga wa jua, ule mkali usioonekana kwa macho, unaipiga atomu ya oksijeni na kuing'oa elektroni. Kabla ya hapo atomu ile haikuwa na chaji, na mambo ya umeme na sumaku yalikuwa hayaihusu, yanaipita tu. Ikishang'olewa elektroni imekuwa ioni, ina chaji, na sasa nguvu yoyote ya umeme inayopita pale inaweza kuishika. Na inayopita ipo. Jua halitoi mwanga tu. Linatoa na upepo wake, chembe zenye chaji zinazokwenda kwa kasi ambayo huku chini hatuna cha kuilinganisha nayo, na upepo huo unakuja umebeba sumaku ya jua ndani yake. Dunia yetu ina sumaku inayotoka kwenye kiini chake, ikausukuma upepo ule ukapita mbali. Mirihi nayo ilikuwa nayo hapo kale, kiini kikapoa, sumaku ikazimika. Basi upepo wa jua unafika mpaka kwenye hewa yenyewe.

"Na hewa," nikasema, "ikatoroka."

Mtangazaji akaangua kicheko. "Haya wasikilizaji, mmesikia, fungeni milango msije mkatorokwa!" Nami nikacheka naye, mjinga mmoja. Wiki nzima baadaye sikuweza kununua hata samaki bila kutaniwa. "Mwalimu, hewa ya leo tutaikuta kesho, au na yenyewe itatoroka?" Nikawa najibu, "Nipimie changu uache upuuzi."

Mdomo huponza kichwa. Safari hii kichwa chenyewe hakikuwa changu, kilikuwa cha mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Aliolewa Chalinze, na mwanamume mwenye gereji ya malori. Alifika kwangu mchana mmoja, mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mfupa wa mtulinga, huu wa juu ya bega, ulikuwa umevunjika. Hakulia. Aliniambia tu, "Dada, nimechoka," akaomba maji ya kunywa. Nilimpeleka hospitali wakamfunga, tukarudi nyumbani. Sikumuuliza ilikuwaje kwa sababu nilikuwa najua ilivyokuwa. Hii haikuwa mara ya kwanza, na mara zile nyingine mjomba wetu ndiye aliyemrudisha kwa maneno matamu: vumilia mama, ndoa ndiyo hiyo, mume ni nguo ya mkewe. Nguo gani inayovunja mtu mifupa! Wallahi nilimwambia hivyo hivyo mjomba usoni, akaniambia ndiyo maana mimi sikai na mume.

Sasa ni lazima nieleze desturi ya ukoo wetu na ya ukoo wao, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini neno moja lingeweza kumuua mtu. Kwetu mke akifukuzwa, au akiumizwa akaja kwao, wazee wanakaa naye pale pale kwao wanamsikiliza. Akitaka talaka, linazungumzwa. Lakini mke aliyetoroka hasikilizwi. Anarudishwa kwanza kwa mumewe, na kama ana la kusema atalisemea huko huko, ndani ya nyumba aliyoikimbia. Haikuandikwa popote, na hakuna anayeivunja. Kwa hiyo shemeji yangu wa Chalinze alipopeleka habari kwa mjomba, hakusema habari ya mkono. Alisema neno moja tu: "Ametoroka."

Mdogo wangu alikuwa amesikia kipindi changu. Jioni moja tumekaa uani, mimi nakuna nazi, yeye ananitazama kwa kuwa mkono haumruhusu, akaniuliza, "Dada, ile hewa yako ya Mirihi, ikishatoka inakwenda wapi?"

Nikamwambia inakwenda nyuma ya sayari, upande wa usiku, inakuwa mkia mrefu unaoelekea mbali na jua. Elektroni ni nyepesi, zinatangulia; zikitangulia zinaacha ioni nyuma, na kwa kuwa chaji zao ni kinyume zinavutana, basi ioni nazo zinaburutwa kufuata. Nyingine zinanyakuliwa na upepo wa jua moja kwa moja.

"Kwa hiyo haziendi zenyewe."

"Zitaendaje zenyewe? Oksijeni ni nzito. Kwa joto lake tu haiwezi kupata mwendo wa kuushinda mvuto wa sayari."

"Basi mbona ulisema imetoroka? Imefanya kosa gani?"

Nikaacha kukuna nazi. Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Nilimwambia, "Ni neno tu, mdogo wangu, wanasayansi wanasema hivyo." Akatikisa kichwa. Akasema kwake si neno tu, na mimi najua.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Mume hakuja, hao huwa hawaji, wanatuma midomo. Aliyekuja ni baba yake mdogo, mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakwaruza, na mzee mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia. Na alikuja mama wa mume, mkwe wa mdogo wangu. Huyu mama ni mjane. Mumewe, aliyekuwa kaka wa huyo mzee mwenye kanzu, alikwisha kufa, naye anakaa Chalinze nyumbani kwa mwanawe, anakula kwa mkono wake. Alinipa salamu ya baridi, akaenda kukaa mkekani kwenye mlango wa chumba cha ndani, karibu na mdogo wangu, akatoa tasbihi yake. Nilimwona adui kama wenzake. Nilijisemea moyoni, umekuja kumchukua mjakazi wako wa jikoni.

"Shikamoo," nikamwambia mzee mwenye kanzu.

"Marahaba, marahaba mwalimu wetu wa redio," akasema, na akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikajua mambo yameharibika kabla chai haijamiminwa.

Wazazi wetu wote wawili ni marehemu, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekaa mbele. Mimi nilikaa kitini kati ya wanaume na mlango wa wanawake, kwa haki ya kuwa mkubwa wa nyumba, na hakuna aliyethubutu kuniambia niondoke. Mzee akaanza kwa dua, akapita kwenye ujamaa, akafika kwenye shabaha yake. Mwenzetu katoroka. Nyumba imebaki tupu, mume hali wala halali. Wamekuja kwa heshima kumchukua mke wao.

"Hakutoroka," nikasema. "Amevunjwa mfupa."

"Hilo la mfupa litasikilizwa, inshallah, akisharudi."

"Inshallah," akaitikia yule mwitikiaji.

"Nimesema hakutoroka."

Mzee akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu Chalinze. "Mwalimu, nyumbani kwangu redio haizimwi. Nimekusikia mwenyewe. Umesema sayari isiyo na sumaku hewa yake hutoroka. Nikasema, binti huyu kasema kweli tupu! Na nyumba ni hivyo hivyo. Mume ndiye sumaku. Sumaku ikilegea, mke anatoroka. Mtoto wetu alilegea kidogo, hatukatai, tumemwambia akaze. Basi turudishieni mke wetu."

Na mjomba, mjomba wangu mimi, tumbo moja na mama yangu, akacheka. "Hapo umepatikana, Mwalimu," akasema. Hata mwitikiaji alicheka, mpaka akajifuta macho.

Kuna watu wanachukia panya, kuna wanaochukia mvua. Mimi nachukia mtu anayechukua fizikia akaigeuza mawaidha. Sayari hazifundishi ndoa. Nilisimama.

"Mzee wangu, kwa heshima zote. Zuhura unaijua? Ile nyota kubwa ya alfajiri. Ni sayari, na haina sumaku yake hata chembe. Hewa yake ni nzito kuliko hii yetu kupita kiasi. Ungeshushwa pale ungepondwa hujamaliza bismillahi. Haina sumaku na hewa nyingi iko pale pale. Na hii Dunia yetu yenye sumaku inavuja. Kule kwenye ncha zake, kaskazini na kusini, ioni zinapanda usiku na mchana na kwenda zao, na wenye kuyachunguza mambo haya mpaka leo wanabishana kama sumaku inazuia hewa isipotee au inasaidia kuipoteza. Sasa hiyo sumaku yako inayolinda ndoa ni ipi?"

"Punguza sauti," akasema mjomba.

"Sipunguzi. Na lile neno la redioni silitaki tena, nalitupa. Hewa ya Mirihi haikutoroka. Ile atomu imekaa mahali pake. Inapigwa, inang'olewa elektroni yake, na kwa sababu imeng'olewa ndiyo maana inashikika. Upepo wa jua unainyakua, unaizungusha mzunguko mkubwa kuliko sayari yenyewe. Nyingine zinabamizwa tena kwenye hewa ile ile zilikotoka, zinazigonga atomu nyingine zilizokuwa zimetulia, nazo zinaruka nje. Ioni haina mguu, mzee wangu. Itoroke na nini?"

Mwitikiaji alikuwa amekwishaanza kutikisa kichwa kukubali, akakumbuka amekuja upande gani, akaacha. Nilidhani nimeshinda. Loo, elimu! Inakudanganya kwamba ukiwa na haki umeshinda.

Mzee mwenye kanzu alikuwa bado anatabasamu. "Mashallah, maneno unayo," akasema. "Ila juzi ulisema kutoroka, dunia nzima ikasikia. Leo mdogo wako kaguswa, unasema kunyakuliwa. Kesho utasema nini? Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu."

Mjomba akakohoa. Nilimjua kikohozi chake. Ni kile cha mtu anayefunga mjadala awahi magharibi. Akasema sayari tumwachie Mungu aliyeziumba. Akasema sisi ni watu wa desturi, na wageni wamekuja kwa adabu. Akasema mdogo wangu ajitayarishe, ataondoka na wakwe zake jioni hiyo hiyo, na yeye mjomba atafuata baadaye kusikiliza habari ya mkono. Nilimchukia. Nimewahi kumkasirikia mara nyingi, lakini siku ile nilimchukia kabisa, na nikajichukia na mimi na redio yangu. Nilijua akirudi safari hii hatavunjwa bega tena. Itakuwa shingo. Nikaanza kupiga kelele, sikumbuki hata nilisema nini, nilimwambia mjomba kama anamtaka amrudishe atapita juu yangu, na yule mzee akasema, "Unaona? Nyumba isiyo na mwanamume," na mjomba akaniamuru nitoke nje ya chumba changu mwenyewe.

Katikati ya zogo lile mdogo wangu akasema, "Mjomba, mtoro anaaga?"

Hakusema kwa nguvu. Tangu wageni waingie alikuwa hajafungua kinywa, kwa hiyo mjomba akaniacha mimi akamgeukia yeye.

"Unasemaje?"

"Nauliza tu, mjomba. Mtu akitoroka, huwa anaaga?"

Mjomba akajibu kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angejibu, bila hata kufikiri. "Mtoro haagi. Akiaga si mtoro, ni msafiri."

"Basi mimi niliaga."

Mzee akacheka kwa pua. "Ulimuaga nani? Mumeo alikuwa gereji."

"Nilimuaga Mama."

Sote tukageuka kumtazama mkwewe. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa, tasbihi imesimama mkononi. Kwa desturi yetu mama wa mume ndiye mwenye nyumba mwanawe asipokuwepo; ukimuaga yeye umeiaga nyumba. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Nilimwona akitoa jasho la mdomo wa juu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwita mtoto aje kunawa mikono.

"Shemeji, mwambie mjomba wake kwamba huyu anasema uongo, tuondoke. Gari linatusubiri."

Mjomba akamwita naye, kwa adabu. "Mama, ni kweli alikuaga?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye nikaona anaikusanya tasbihi kiganjani. Nikajua atakataa. Ni nani atakayekubali? Nyumba anayolala ni ya mwanawe, dawa zake za presha ananunuliwa na mwanawe, na kule Chalinze hana mtu mwingine. Mimi mwenyewe, na ukali wangu wote huu, sijui kama ningekubali.

"Aliniaga," akasema.

"Shemeji!"

"Aliniaga jikoni, akasema, Mama, mimi nakwenda kwetu. Mimi ndiye niliyemwambia aage."

Mzee akasimama. Kanzu ikakwaruza. "Umeingiwa na nini leo? Hujui unachokisema."

"Najua. Mimi ulinirudisha wewe." Sasa alikuwa amemwinulia uso. "Nilimkimbia kaka yako nikafika kwetu Zinga, na jicho hili lilikuwa halioni. Ukanifuata na wazee wenzako. Ukaniuliza nilimuaga nani. Nilikuwa sijamuaga mtu, niliogopa. Ukasema, basi ametoroka, na baba yangu akanitoa. Huyu nikamwambia: niage mwanangu, niseme nimesikia, halafu nenda na usirudi."

Mjomba alikuwa akitazama mkeka.

Mzee mwenye kanzu akachukua kofia yake iliyokuwa gotini, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana, shemeji. Haya, twende. Na ukifika utamweleza mwanao mwenyewe kwa mdomo wako ulichomfanyia. Kama atakufungulia mlango."

Mama yule hakunyanyuka mkekani.

"Nyinyi nendeni," akasema. "Mwanangu mwambieni nimeaga."